Mstari Niliouacha Wazi

Landless, Thika
9 Februari 2025

Baba yangu Muriithi,

Nakusalimu kwa heshima zote, maana hakuna anayemsalimu babake ovyo. Najua hupendi nikikuita Baba mbele ya marafiki zako, lakini utafanya nini? Kaka yangu aliyekuzaa alikupa jina la baba yetu. Ulipozaliwa nilikushika mikononi nikasema, baba amerudi, tena hana meno. Kwa hivyo vumilia.

Huku tuko salama, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo linajua mvua kabla ya redio. Binti yangu Cindy amejifungua huko Eldoret. Ni msichana wa pili, na wa pili huitwa jina la mama wa mamake, kwa hivyo zamu yangu ya jina imefika na ameitwa Waruguru. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima na bado linanishangaza. Kuna mtu wa kilo tatu anayetembea duniani na jina langu, ingawa kutembea kwenyewe bado.

Tuliposikia kwamba umetoka kwenye kibanda chako cha kutengeneza simu pale Kamakis ukaajiriwa kwenye karakana ya kampuni yenyewe ya simu, nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Akina mama walipiga makofi. Mchungaji Zacharia aliuliza kama unaweza kumtazamia simu yake, nikamwambia apange foleni.

Sasa jambo lenyewe. Simu yangu imekufa. Tangu Jumanne haiingizi chaji na haiwaki. Unakumbuka Desemba ulivyoifungua hapa mezani kwangu ukaitia ile betri kubwa, kwa sababu ya stima zetu za kupotea, na ile spika kubwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako nimeshika pumzi. Sikuwa nimewahi kuona ndani ya simu. Nilidhani kuna kitu kimoja kinachoongea, kumbe ni vitu mia, vidogo kuliko mbegu za sukuma, na kila kimoja kina kazi yake na hakigombani na jirani. Nilimshukuru Mungu kwa akili aliyowapa watu. Tangu siku hiyo ploti nzima ilikuwa inasikia simu yangu, na mimi nilikuwa nalala nayo chini ya mto ikinisomea Zaburi.

Kadi ya waranti iko ndani ya Biblia yangu. Ni ya miaka miwili na hata mwaka haujaisha. Nataka kuipeleka kwa kaunta yao hapa mjini, lakini nimeona nikuulize kwanza wewe uliyeifungua. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya kuazima ni ya jirani yangu Nzuki, naye hukaa hapo hapo hadi neno la mwisho. Absalom muuza mayai atakuletea barua hii akija huko kwa hoteli za nyama.

Binti yako,
Waruguru

* * *

Kamakis, Ruiru
2 Machi 2025

Tata, shangazi yangu mpendwa,

Pole kwa kuchelewa. Kuku wa Absalom waliugua huko Kalimoni, akakaa wiki mbili bila kuleta trei hata moja, na barua yako ikakaa naye. Mimi na Kui wangu tuko poa. Anakusalimu na anasema hongera kwa wajina wako.

Tata, ungeona kazini kwetu! Kuna darubini ya mezani. Ukiweka simu chini yake, nyaya ambazo kibandani nilikuwa nazipapasa kama kipofu unaziona zimepangwa kama mistari ya mahindi. Siku ya kwanza nilisahau kula. Fundi mkuu wetu ni Madam Mbula. Haongei sana. Anaweza kuinua kipande usichoweza kukiona kwa macho, akakiweka mahali pake bila mkono kutetemeka, huku akikuuliza kama umefunga dirisha. Nikisimama kando yake najiona kama mtoto wa nasari. Nataka kujifunza kwa huyo mama hadi anifukuze.

Kuhusu simu: tafadhali usiipeleke bado. Kaunta ya Thika hupeleka kila simu kwetu hapa Ruiru, na mtu akishafungua simu nje ya kampuni, waranti imekwisha. Nina njia rahisi. Mpe Absalom aniletee. Nitaondoa betri ile na spika, nirudishe za mwanzo, nilizihifadhi. Halafu kuna kitu kingine. Sisi mafundi wa Kamakis kila mmoja ana alama yake. Ukimtengenezea mtu simu unampa waranti yako ya siku saba, na unaweka tone la rangi juu ya skrubu moja ya ndani. Akirudi kulalamika na tone limepasuka, unajua alipitia kwa fundi mwingine, na unamrudisha nyumbani. Wengine hutumia wino. Mimi nilitumia rangi ya kucha ya Kui, ile ya zambarau. Mkono ukishazoea umezoea, Tata. Niliweka hata kwa simu yako, kama vile ungenidanganya!

Nitalifuta hilo tone kwa spiriti. Ni kazi ya nusu saa. Kisha utaipeleka kwa kaunta, na wakikuuliza kama imewahi kufunguliwa, sema hapana. Ni neno moja tu.

Wako,
Muriithi

* * *

Landless, Thika
16 Machi 2025

Muriithi,

Natumaini mko wazima. Sisi tu wazima. Mvua imeanza na goti lilikuwa limesema ukweli.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka kuhusu rangi ya Kui. Mara ya pili sikucheka. Utaona leo sijakuita kama ninavyokuita. Nilijaribu kuandika lile jina hapo juu, kalamu ikakataa, na sitailazimisha.

Ngoja nikwambie jambo kuhusu yule uliyechukua jina lake, maana alifariki mwaka wa 1991 na wewe ukaja miaka saba baadaye. Alikuwa anatengeneza redio hapa Thika, kwa veranda ya duka la Mhindi. Redio ikitoka mikononi mwake, ilitoka pamoja na mfuko mdogo wa khaki. Ndani ya mfuko aliweka kila alichokiondoa: waya ulioungua, balbu iliyokufa, hata skrubu iliyoliwa na kutu. Mwenye redio anafika nyumbani anaufungua na kuona kwa macho yake. Watu walimcheka. Walisema, Muriithi anakuuzia takataka. Mimi nilikuwa nawahesabia watu shilingi za chenji nikimtazama, na nilikuwa naona anajaza mfuko huo kwa makini kuliko alivyotengeneza redio.

Mwaka mmoja alirudisha redio ya mwalimu fulani na ndani ya mfuko kulikuwa na kipande kilichokuja kikiwa kizima kabisa. Alikuwa amekivunja yeye mwenyewe kwa bahati mbaya, akanunua kingine. Hakuna ambaye angejua. Alikitia kwenye mfuko huo wa khaki na kumwambia mwalimu, hiki nilikivunja mimi. Mwalimu yule alimletea redio za shule nzima.

Sasa wewe unataka mimi, mwenye miaka hamsini na tisa, nisimame mbele ya msichana wa kaunta niseme hapana. Halafu unaniambia ni neno moja. Ngai! Ni kweli ni moja, ndiyo maana sitaweza kulificha katikati ya mengine.

Wewe mwenyewe ukiona tone limepasuka, mteja unamrudisha nyumbani. Kwa nini kampuni iwe mjinga kuliko wewe?

Lakini kuna kitu hujaniandikia. Barua yako ina hofu kubwa kuliko simu ya mama mmoja mzee. Nimeizungusha simu hii mezani nikijiuliza unaogopa nini. Nitangoja uniambie. Sitaipeleka kabla ya kusikia kutoka kwako.

Shangazi yako,
Waruguru

* * *

Kamakis, Ruiru
6 Aprili 2025

Tata,

Salamu. Kui ana homa kidogo lakini anaenda kazini. Nilianza barua hii mara nne.

Siku ya intavyu, Januari, waliniuliza kama nimewahi kufungua simu ya kampuni yao ikiwa bado iko ndani ya waranti. Waliniambia wazi kwamba fundi aliyefanya hivyo hawamtaki, kwa sababu hao ndio wanaowaletea wateja waliofundishwa kusema uongo. Nikasema sijawahi. Nikatia sahihi. Yako nilikuwa nimeifungua wiki tatu kabla. Na si yako pekee, Tata. Ni nyingi. Kibandani hatukuuliza kama ina waranti, tuliuliza ina shida gani.

Mkataba wangu ni miezi sita ya majaribio. Simu yako ikifika hapa na jina langu, siku hiyo hiyo nimerudi kibandani, na kibanda chenyewe nilishampa mwingine. Lakini si kibanda kinachoniuma. Ni ile darubini. Ni Madam Mbula. Wiki jana aliniacha niunganishe kipande cha kwanza peke yangu, akatazama, akasema "sawa". Kwake hilo ni kama mtu mwingine kukupigia vigelegele. Nilienda chooni nikasimama hapo tu nikipumua.

Nakuomba, Tata. Mara hii moja. Au iache simu ikae, nitakutafutia nyingine mwisho wa mwaka. Usiipeleke.

Muriithi

* * *

Landless, Thika
27 Aprili 2025

Mwanangu,

Mtoto wa Cindy anaongezeka vizuri. Kui apewe maji ya moto na ndimu.

Nimeipeleka. Usikasirike kabla ya kumaliza kusoma. Nilikaa na barua yako wiki mbili. Nilifikiria kuiacha simu ndani ya droo kama ulivyosema, na kwa kweli kuiacha si uongo. Lakini kila nilipopita karibu na droo hiyo nilikuona umesimama chooni ukipumua, na nikajua utapumua hivyo hadi siku ya uzee wako. Kila simu itakayofika hapo kutoka Kamakis utaitetemekea. Mtu hawezi kujifunza kazi takatifu hivyo akiwa anatazama mlango.

Alhamisi nilivaa sweta yangu ya kanisa nikaenda kwa kaunta. Msichana alinipa fomu. Swali lilikuwa pale pale, kama ulivyosema: Je, simu imewahi kufunguliwa na mtu asiye wa kampuni? Nikaandika Ndiyo. Mstari wa chini yake ulikuwa unauliza, na nani? Huo niliuacha wazi.

Msichana akasema, "Mathe, hapo pia panajazwa."

Nikamwambia, "Hapo si pangu."

Akapiga muhuri.

Sikukutaja na sikukuficha. Nimefanya sehemu yangu, iliyobaki imelala mbele yako. Nimekuombea kila asubuhi tangu siku hiyo, na nakiri kwamba naogopa. Nikikukosesha kazi hiyo sijui nitakutazamaje machoni.

Waruguru

* * *

Kamakis, Ruiru
18 Mei 2025

Tata yangu,

Kaa chini kwanza. Kui amepona. Mimi ni mzima, na nina mengi.

Barua yako ilinifikia baada ya simu. Absalom na mayai yake! Kwa hivyo sikujua lolote. Jumatatu asubuhi trei za simu kutoka Thika zililetwa, nikaona kile kifuko cha simu yako, cha uzi wa kijani, ulichokifuma mwenyewe. Simu ilikuwa imepewa Byron, jamaa wa meza ya kando yangu. Alikuwa anasoma fomu akicheka. Akasema, "Buda, cheki huyu mathe. Ameandika ndiyo, halafu hapa kwa jina akanyamaza. Anacover nani sasa?"

Nikamwomba fomu nione. Tata, nilidhani nitakuta hapana, au nitakuta jina langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Nikakuta ile N yako kubwa, ile unayoandika kwa orodha za kanisa, na chini yake mstari mtupu. Sijui niliutazama kwa muda gani. Sijawahi kuona kitu kinachoniita kwa sauti kubwa hivyo, na hakikuwa na hata herufi moja. Ungeweza kuniangusha kwa kalamu yako au kuniokoa kwa kalamu yako, na ukaniachia kalamu.

Nikachukua ya Byron nikaandika: Na mimi, Muriithi Gachau, Kamakis, Desemba. Byron akauliza, "Buda, uko sawa?" Nikampelekea Madam Mbula fomu na simu pamoja.

Aliisoma. Alifungua simu, akaiweka chini ya darubini, akaniita nitazame. Lile tone langu la zambarau lilikuwa limejaa kioo kizima, na mistari ya nywele za brashi inaonekana. Nikasikia anasema nyuma yangu, "Hii rangi naijua. Naiona miaka miwili sasa. Simu ikija na hii dot, najua ndani nitapata kazi safi. Nilikuwa najiuliza ni nani huyu fundi wa Kamakis."

Nikainua macho kutoka kwenye darubini.

"Halafu Januari kijana anakuja intavyu," akasema, "na kwa ukucha wa kidole gumba ana hiyo hiyo zambarau."

Tata, nilikuwa najaribishia brashi kwenye ukucha! Kila mara! Nilikaa mbele yake siku hiyo nikasema sijawahi, na rangi iko mkononi.

Nikamuuliza kwa nini alinichukua. Akasema, "Miezi sita ya majaribio ni mirefu. Nilitaka kuona kama utaniambia. Umetumia minne." Kisha akaniuliza kama nimefunga dirisha. Nilitamani kulia na nilitamani kupiga magoti, na nilifunga dirisha.

Sasa sikiliza hili, ndilo linalonikosesha usingizi. Kosa lilikuwa langu. Betri ile kubwa haikutosha vizuri. Ilivimba, ikaukandamiza mkanda wa chaji hadi ukakatika. Madam aliitoa polepole kwa joto na uzi, akaitumbukiza kwenye ndoo ya mchanga. Akasema ningejaribu kuing'oa kibandani kwa kisu, ingeniwakia mikononi. Na wewe ulikuwa unalala nayo chini ya mto. Ningefuata njia yangu ya nusu saa ningeungua, na kama mkanda usingekatika mapema na chaji ikaendelea kuingia, sitaki kumaliza sentensi hiyo.

Waranti imekataliwa, na ni haki. Vipuri nimenunua mimi, kazi nimeifanya mimi, Madam akiwa amesimama juu yangu. Meneja ameweka barua ya onyo kwenye faili yangu. Nimetolewa kwa meza hadi Oktoba, nimewekwa kaunta. Unajua kazi yangu huko ni gani? Kuuliza kila mteja kama simu yake imefunguliwa. Wengi wanasema hapana, na wananitazama kama nilivyotazama mimi. Sibishani nao. Nawasukumia fomu na kunyamaza kama wewe, na utashangaa ni wangapi wanavuta pumzi na kusema, "Ngoja, bro, acha nikwambie ukweli." Saa ya chakula Madam ananiruhusu kwa darubini.

Simu yako Absalom anakuletea. Spika ni ya kampuni, ile ndogo. Pamoja nayo utapata spika ya pembeni, inaongea na simu bila waya wala kufungua chochote. Wazo ni la Madam. Aliniuliza kwa nini niliweka spika kubwa hivyo, nikamwambia Tata anapenda sauti. Akaniuliza, "Anapenda, ama anahitaji?" Nimemuuliza Absalom, naye anasema ukiongea naye unamtazama mdomo. Tangu lini, Tata? Kwa nini hukuniambia?

Nimekuwekea pia mfuko. Ndani yake mna mkanda uliokatika, spika ile niliyoitoa, na skrubu yenye tone. Betri sikuweka, Madam alikataa isafiri. Hivyo vyote niliviharibu au kuviondoa mimi.

Muriithi

* * *

Landless, Thika
8 Juni 2025

Baba,

Nakusalimu. Kalamu leo haikukataa, imekimbia yenyewe.

Barua yako niliisomea jikoni, nikaacha githeri ikaungua, na Nzuki akaja kuuliza nani amefariki. Nikamwambia hakuna aliyefariki, kuna aliyefufuka. Akaenda zake akitikisa kichwa. Nimesoma hapo pa Madam Mbula mara nyingi hadi karatasi imelegea. Mama gani huyo, anayeona uongo kwenye ukucha mmoja, na anaungoja kwa subira hadi ugeuke ukweli? Namwogopa na nampenda kabla ya kumwona. Mpelekee mayai niliyompa Absalom, ni trei nzima, asikudanganye.

Wewe ulikiri, na mimi nikiri. Sikio la kulia lilikwisha mwaka juzi, na la kushoto linalifuata. Sikusema kwa sababu mtu akijua husikii anaanza kuongea na wewe kama mtoto. Ile spika yako ndiyo iliyonifanya nimsikie Waruguru mdogo akilia siku aliyozaliwa, kwani kwa simu ya Nzuki, hata ya video, niliona midomo tu na kuitikia. Nilipoandika Ndiyo kwa ile fomu, nilijua wataiondoa. Nilikuwa naiaga sauti ya mtoto huyo. Sikukuandikia hilo kwa sababu ungelifanya liwe sababu ya kudanganya, na ungekuwa na sababu nzuri, nami ningekubali.

Jana nilijaribu hiyo spika ya pembeni. Cindy alimweka mtoto karibu na simu, na mtoto akapiga chafya. Nilisikia chafya, Baba. Ya mtu wa miezi minne, kutoka Eldoret, na hakuna waya uliogusa kitu chochote. Nilikaa pale nimefunika mdomo kwa mkono. Kuna vitu ambavyo mtu akivizoea ni kwa sababu hafikirii.

Lakini si hilo lililonifanya niandike leo leo kabla ya kwenda kanisani. Ni mfuko.

Nilikusimulia kuhusu mifuko ya baba yangu ya khaki, hiyo ni kweli. Sikukusimulia jinsi alivyokuwa akiifunga, kwa sababu nilikuwa nimesahau kabisa. Hakutumia gundi wala pini. Aliukunja mdomo wa mfuko mara tatu, mikunjo myembamba, kisha akaubana kona moja kwa ndani ili usifunguke njiani. Hakuna mwingine niliyemwona akifanya hivyo, hata kaka yangu hakujua. Nilipoutoa wako kwenye trei ya Absalom, katikati ya mayai, nilisimama. Mikunjo ni mitatu. Kona imebanwa kwa ndani.

Sijui ni nani aliyekufundisha, na ukiniambia ni mkono tu ulijikunja wenyewe nitaamini. Nimeuweka mezani, pale ulipofungulia simu Desemba. Najua kilichomo, umeniandikia. Sijaufungua. Nimekaa nauangalia tu, na kengele ya kanisa imeshalia mara mbili.

Binti yako,
Waruguru